Kabla Hujaingiza Mkono: Namna ya Kufunga Mashine Kiwandani

Kila vibarua wapya wakiingia, maswali ni yale yale. "Fundi, si nimeshazima, kufuli la nini tena?" "Ni jiwe moja tu nalitoa, niende mpaka chumba cha umeme kwa kazi ya dakika mbili?" "Si niko hapa hapa naiona, nani ataiwasha?" Nimeyajibu kwa mdomo miaka na miaka, kwenye kokoto, kwenye saruji, na msimu mmoja kwenye miwa. Leo nayaandika, ili atakayeuliza tena nimtumie hii nami niendelee na chai yangu.

Nadharia ni moja tu, nayo ni hesabu. Chukua konveya, ule mkanda wa kubebea mzigo, inayokwenda mita 2 kwa sekunde, mwendo ambao kwenye kokoto hakuna anayeushangaa. Mtu akishtuka, hupita kama robo sekunde kabla mkono haujaanza kurudi. Katika robo sekunde hiyo mkanda umeshavuta nusu mita, yaani kutoka ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko. Ndiyo maana aliyevutwa na rola hukwambia hakuona alivyoingia. Wepesi wako haumo kwenye hesabu hii.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayesafisha, anayezibua, anayepaka grisi au anayebadilisha mkanda na beringi kwenye mashine kubwa: konveya, krasha ya mawe, kinu cha miwa, korona (mashine ya kuchambua mkonge), mashine ya kupasulia mbao, mikseta ya zege, presi. Opereta anasimama kwenye vitufe. Anayeingia tumboni mwa mashine ni wewe mwenye sururu na ufagio.

Kazi yenyewe ni kukata kila nguvu inayoifikia mashine, kuifunga kwa kufuli ambalo ufunguo wake unao wewe, kisha kuthibitisha kwamba mashine imekufa kweli. Viwanda vikubwa wanaiita loto, kifupi cha Kiingereza "lockout/tagout", yaani funga kwa kufuli na weka lebo. Jina si muhimu, kufuli ndilo muhimu.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Kufuli lako mwenyewe. Liwe lako, si la idara, wala si lile ambalo ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari ofisini. Andika jina lako juu yake kwa rangi. Likija na funguo tatu, baki na mmoja na hizo mbili zifungiwe kwa meneja. Kufuli la duka la vifaa vya ujenzi linatosha kabisa, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba kampuni haina bajeti.

Lebo yenye jina lako, namba ya simu, tarehe, saa na kazi unayofanya. Iwe ya plastiki au karatasi iliyolaminetiwa, ifungwe kwa waya au kamba ya nailoni. Selotepu ikipata vumbi la saruji inaachia.

Kibano cha chuma chenye matundu sita, ili watu sita waweke makufuli sita mahali pamoja. Mkiwa wawili tu kwenye kazi moja, tayari mnakihitaji.

Kifunga breka (breka ni swichi ya kwenye paneli inayokata umeme), kile kidude kidogo kinachobana kikono chake kisipande, pamoja na mnyororo mwembamba wa kufungia gurudumu la valvu.

Maltimita iliyo nzima. Bisibisi ya taa sitaki kuisikia hapa. Kwenye jua kali huoni kama imewaka, na ukiwa umesimama kwenye kitu kikavu kisichopitisha umeme inaweza kukataa kuwaka huku umeme upo.

Magogo ya mbao ngumu au stendi za chuma za kushikilia kitu kilichoinuliwa. Jeki ni ya kuinulia. Usiiache ikishikilia mzigo peke yake.

Orodha ya vyanzo vya nguvu vya mashine husika. Kama kiwanda hakina, utaiandika mwenyewe katika hatua ya kwanza, na kesho itamsaidia mwingine.

HATUA

1. Izunguke mashine kwa miguu. Fuata kila waya na kila bomba kwa macho mpaka linakotoka. Jiulize: umeme unaingia sehemu ngapi? Kuna hewa? Kuna mafuta ya presha? Kuna mvuke? Kuna kitu kilichoning'inia? Krasha ya kawaida unaweza kuikuta na mota kubwa ya krasha, mota ya fida inayoilisha mawe, mota ya konveya ya chini na pampu ya haidroliki ya kurekebishia mdomo, kila moja na breka yake. Anayeshusha breka moja na kuingia amekata robo ya nguvu.

2. Tangaza. Mwambie opereta, msimamizi wa zamu, na watu wa mashine zinazolisha na kupokea kutoka kwenye hiyo yako. Tumia mdomo na waone uso wako, maana ujumbe wa simu husomwa baadaye. Wakati huo huo andika kwenye daftari la zamu.

3. Zima kwa njia ya kawaida. Acha mkanda ujimwage, krasha imalize mawe, kinu kimalize miwa. Usikate breka kubwa mashine ikiwa imebeba mzigo, kwa sababu cheche inayoruka humo ndani inaweza kukuunguza uso na kuharibu breka yenyewe.

4. Kata kwenye chanzo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nieleze taratibu. Kitufe chekundu cha dharura hakikati umeme unaofika kwenye mashine. Kinatoa amri tu kwa kontakta, ile swichi inayopitisha umeme kwenda kwenye mota, iachie. Kontakta ikiungua na kugandana, umeme unaendelea kupita. Waya wa amri ukigusana na mwingine ndani ya bomba, mashine inaondoka. Mtu wa chumba cha kuendeshea akiriseti, inaondoka. Na ikiwa imewekwa kwenye otomatiki, inangoja tu hopa, lile pipa la mzigo, ijae au ipungue, haimngoji mtu. Kwa hiyo nenda mpaka kwenye swichi kuu ya mashine hiyo, shusha, na uhakikishe namba ya kwenye paneli ndiyo namba ya kwenye mota. Paneli zikishafanyiwa marekebisho mawili matatu, maandishi yake huanza kudanganya. Nimeshaona paneli ambayo "Konveya 3" ilikuwa inazima konveya ya 4. Valvu za hewa, mafuta na mvuke nazo zifungwe sasa.

5. Weka kufuli, tundika lebo, weka ufunguo mfukoni. Usimwachie msimamizi, usiuweke juu ya paneli. Kila anayeingia kwenye mashine anaweka kufuli lake mwenyewe. Kufuli la fundi mkuu halimlindi kibarua wake, kwa sababu fundi mkuu akimaliza sehemu yake anafungua na kwenda kula, na kibarua bado yuko chini ya mkanda anakusanya funguo za spana.

Nieleze kwa nini siamini lebo bila kufuli. Mwaka wangu wa pili kazini, kiwanda nisichokitaja, tulishusha breka ya konveya na kufuli hatukuwa nalo. Tulichukua kipande cha boksi, tukaandika USIWASHE kwa makaa, tukakichomeka kwenye mkono wa paneli. Saa nne usiku zamu mpya ikaingia. Feni ya chumba cha umeme ilikuwa imeshakipeperusha kile kipande. Kijana wa zamu akakuta breka iko chini, akadhani imetripu, yaani imejikata yenyewe, akaipandisha kama anavyofanya kila siku. Konveya ilikuwa imeachwa kwenye otomatiki. Mwenzangu alipoteza kidole cha kati na cha pete, mkono wa kushoto. Asubuhi tulikikuta kile kipande cha boksi nyuma ya paneli, kimesimama wima kwenye ukuta, maandishi yanasomeka vizuri kabisa.

6. Toa nguvu iliyobaki ndani. Hatua hii inarukwa kuliko zote, kwa sababu mashine imenyamaza na mtu anadhani imelala. Pitia moja baada ya nyingine:

Uzito. Meza ya presi, ndoo ya eskaveta, mlango wa hopa, kaunta weiti (uzito unaoning'inizwa kukaza mkanda): vyote vinashuka bila umeme. Vishushe mpaka chini, au vizuie kwa magogo na stendi. Konveya ya mwinuko iliyosimama na mzigo ni hatari ya aina yake. Ukifungua breki au ukikata mkanda, mzigo wote unarudi nyuma kwa mkupuo. Pakua kwanza kwa koleo, hata kama itachukua asubuhi nzima.

Hewa. Silinda ya hewa yenye kipenyo cha sentimita 10, kwa presha ya bar 6, inasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 480. Kufunga valvu ya kuingizia hakutoi hewa iliyokwishaingia. Fungua ya kutolea, sikiliza mpaka mlio uishe, tazama geji isome sifuri.

Mafuta ya presha. Mifumo mingi ina tangi dogo la akiba linalobaki na presha pampu ikiwa imezimwa. Lishushwe kwa utaratibu wa mtengenezaji. Na kama unatafuta pampu au paipu inayovuja, usipitishe kiganja. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano yanatoboa ngozi, na kwa dakika za kwanza karibu huhisi kitu. Pitisha kipande cha boksi, kikilowa umepata. Aliyepigwa na mafuta hayo aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kidonda kinaonekana kama cha kung'atwa na siafu. Mafuta yakikaa ndani ya nyama, mkono unaweza kukatwa.

Springi, cheni na mkanda uliokazwa. Legeza kabla ya kukata. Simama pembeni, si mbele.

Mzunguko. Gurudumu zito la krasha na nyundo za kinu huendelea kuzunguka dakika kadhaa baada ya kuzima. Feni kubwa ya bomba la moshi inaweza kuzungushwa na upepo wa bomba lenyewe siku nzima. Ngoja isimame, kisha izuie kwa kigogo au cheni.

Kapasita. Mota inayoendeshwa kwa draivu ya kubadilisha mwendo huwa na kapasita ndani ya draivu zinazobaki na umeme wa kuua hata breka ikiwa chini. Kwenye draivu kuna maandishi ya dakika za kungoja, mara nyingi 5 au zaidi. Ngoja, kisha fundi umeme apime. Usipime wewe kama si kazi yako.

Mvuke na joto. Wale wa sukari mnajua. Funga valvu, mwaga kilichobaki, acha bomba lipoe.

Jiwe lililobanwa. Jiwe lililokwama kwenye mdomo wa krasha limebanwa kwa nguvu zote za mashine, na kufuli halitoi nguvu hiyo. Likiachia linaruka. Usisimame juu yake na nyundo kubwa, na usimruhusu mtu asimame usawa wa mdomo. Tumia nyenzo za kuinulia, au vunja kidogo kidogo ukiwa pembeni na miwani usoni. Na kwenye hopa au silo, mzigo ulioganda juu kama dari usipandwe. Ukiporomoka unamfukia mtu mzima kabla hajamaliza kupiga ukelele.

7. Jaribu. Hakikisha hakuna aliye karibu na mashine, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia, kile cha kwenye mashine na kile cha chumba cha kuendeshea. Ikinyamaza, rudisha swichi kwenye kuzima. Usipoirudisha, siku kufuli likitoka mashine itaondoka yenyewe. Kwa kazi ya umeme, fundi umeme apime: maltimita kwanza kwenye umeme unaojulikana upo, kisha sehemu iliyokatwa, fezi kwa fezi na kila fezi kwa ethi, kisha arudi tena kule kwenye umeme uliopo. Mara ya tatu hiyo ndiyo inayokwambia kwamba maltimita haikufa katikati ya kazi. Wanaocheka hatua hii ni wale ambao betri haijawahi kuwaishia.

8. Sasa fanya kazi. Hapa ni pa kifupi: ovaroli iliyofungwa vifungo, shati halining'inii, nywele zimefungwa, pete na saa zimevuliwa. Kazi ikivuka zamu, anayeingia anaweka kufuli lake kabla anayetoka hajatoa la kwake, na wote wawili wamesimama hapo hapo kwenye paneli. Pasiwe na hata dakika moja ya paneli kuwa tupu.

9. Kurudisha. Ajali za mwisho wa kazi zipo nyingi kwa sababu kila mtu ana haraka ya kuona kama imepona. Hesabu vifaa. Rudisha kava zote, bolti zote, si mbili kati ya sita. Hesabu watu kwa majina, si kwa kuangalia. Kila mtu atoe kufuli lake kwa mkono wake. Tangaza tena kwa wale wale uliowatangazia mwanzo. Pandisha swichi, simama pembeni ya paneli badala ya mbele yake, kisha opereta awashe.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MWEZI

Kusafisha rola la mkia wakati mkanda unakwenda, kwa kijiti au kwa gunia. Kijiti kikinaswa, mkono haukiachii kwa wakati, rudia ile hesabu ya mwanzo.

Glavu karibu na kitu kinachozunguka. Glavu ni nzuri kwa kubeba bati na mawe. Kwenye drili ya mezani, shafti au rola, glavu inanasa kwanza na vidole vinafuata.

Kuvua kava "ili grisi iingie kwa urahisi" na kuliacha limeegemea ukuta hadi Krismasi. Omba wakuvutie bomba la grisi mpaka nje ya kava. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi mmoja.

Kuamini kamba ya dharura ya kando ya konveya. Ni ya kusimamishia, siyo ya kufungia. Na ijaribuni kila wiki, maana nimewahi kuivuta moja ikatoka yote mkononi kama kamba ya mbuzi.

IKITOKEA HIVI, FANYA HIVI

Paneli haina pa kutia kufuli. Fundi umeme atoe fyuzi, uziweke kwenye boksi lenye kufuli lako. Au afungue waya za mota na kuzifunika ncha. Au mlango wa chumba cha paneli ufungwe kwa kufuli lako. Mashine ya plagi: chomoa, plagi iwe mbele ya macho yako au ndani ya boksi lililofungwa.

Mashine ni ya dizeli. Ndoo au bapa chini ardhini, zima, toa ufunguo, sogeza nyenzo za haidroliki ili presha iishe, kata betri kwenye swichi yake na uifunge. Magurudumu yawekewe magogo.

Umekata, lakini maltimita bado inasoma. Acha kila kitu. Kuna njia ya pili: jenereta, hita ya ndani ya mota, au waya wa amri unaotoka paneli nyingine. Rudi hatua ya kwanza na fundi umeme.

Mwenye kufuli ameondoka nalo. Usikate kwanza. Mpigie simu. Msimamizi athibitishe kwamba hayupo kiwandani, getini na kwenye mashine yenyewe. Mashine ikaguliwe ndani na nje, kufuli likatwe mbele ya shahidi, iandikwe kwenye daftari. Na mwenyewe aambiwe kabla hajaanza zamu yake ya kesho, asije akadhani kufuli lake bado linamlinda.

Kazi inahitaji mashine itembee, kama kunyoosha mkanda unaokimbilia upande mmoja. Kava zote zibaki, urekebishaji ufanyike kwa bolti zilizo nje ya kava, mtu mmoja awe na kitufe na macho kwa aliye kwenye bolti, na asiwe na simu mkononi. Kama bolti ziko ndani ya kava, basi zima, funga, zungusha nusu raundi, fungua, washa, tazama, zima tena. Ndiyo, inachosha.

Bosi anasema hakuna muda. Nilipima siku moja kwa saa ya ukutani: kwenda chumba cha paneli, kufunga, kujaribu na kurudi kulituchukua dakika 9. Mtaje dakika 9, usimtajie sheria kwanza. Asipokubali, mwombe aandike kwenye daftari la zamu kwamba ameagiza kazi ifanyike bila kufuli, na aweke sahihi. Mimi sijawahi kumpata aliyeandika.

MTU AKISHANASWA AU AKISHAUMIA

Zima kwa kitufe cha dharura, kata kwenye chanzo, weka kufuli. Hata hapa, na hasa hapa, kwa sababu watu wanakimbia ovyo na kila mmoja anabonyeza kitu. Usirudishe mashine nyuma ili "imteme". Rola zikirudi nyuma zinaweza kuponda mara ya pili. Ita fundi alegeze mkanda au afungue beringi. Andika saa aliyobanwa. Akikaa muda mrefu chini ya kitu kizito, daktari anahitaji kuijua saa hiyo, na ni vizuri afike kabla uzito haujaondolewa. Tanzania, Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114.

Damu: bonyeza moja kwa moja kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kuchungulia. Ikikataa kusimama kwenye mkono au mguu, funga kitambaa kipana sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha, upande wa kuelekea moyoni, si kwenye kiungo, kaza kwa kijiti, na uandike saa. Usitie mafuta ya breki, majivu wala dawa ya meno.

Kidole kilichokatika: kitafute. Kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevunyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo utiwe kwenye maji yenye barafu. Kidole kisiguse barafu moja kwa moja, kinaungua kwa baridi. Kiende na mgonjwa, kisifuate baadaye kwa bodaboda.

Majeruhi akishapelekwa hospitali, usisafishe eneo. Piga picha ya mashine, ya paneli, ya kava lilipo na lisipo. Andika tarehe, saa, namba ya mashine, majina ya walioona. Fanya leo, kwa sababu kesho mashine itakuwa inatembea na kava limerudi mahali pake.

Taarifa itolewe kwa mwajiri mara moja, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Tanzania Bara mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ndani ya siku 7, na dai lisipofika kwenye Mfuko ndani ya miezi 12 haki inaweza kupotea. Usalama wenyewe wa mahali pa kazi uko chini ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, kwa sheria namba 5 ya mwaka 2003. Mfuko ulianza kazi 2015, na mchango wake unalipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wako, kwa hiyo ukikuta makato hayo kwenye hati yako ya mshahara, uliza. Kwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda, malipo ni asilimia 70 ya mshahara, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu wa asilimia 30 au chini ya hapo hulipwa kwa mkupuo. Unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Wenzetu wa Kenya wana WIBA, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya 2007: mwajiri ana siku 7 kuripoti kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, saa 24 ikiwa kuna kifo, na dai nalo lina miezi 12.

Fomu ya ajali ikiletwa wodini utie sahihi, usitie ukiwa na dawa za usingizi kichwani. Isome, au usomewe na ndugu unayemwamini, hasa mstari unaoeleza chanzo. Ukikuta pameandikwa "uzembe wa mfanyakazi" nawe unajua kwamba kiwanda hakikuwa na kufuli hata moja, andika hivyo pembeni kwa mkono wako, weka tarehe, kisha sahihi. Kama mkono ulioumia ndio wa kuandikia, mwombe muuguzi aandike unavyosema, utie dole gumba. Piga picha kurasa zote kabla fomu haijatoka wodini.